Sinki jipya linavuja kwa chini, nimeshapaka silikoni mara tatu na bado. Mafundi njooni hapa

Kabati_Bichi

Wakuu habari za muda huu. Naombeni msaada kabla sijaling'oa hili sinki nikalitupa nje.

Wiki tatu zilizopita nilibadilisha sinki la kunawia mwenyewe, la zamani lilikuwa na ufa. Jipya ni la kauri, lilikuja na boksi la vikorokoro vyake: westi ya chuma (ile ya tundu la kushushia maji), nati kubwa ya plastiki, raba mbili moja nene moja nyembamba, trapu ya chupa (ile inayobakiza maji kuzuia harufu), na ile mipira miwili ya kuleta maji. Karatasi ya maelekezo hamna. Nikaangalia video mbili tatu nikasema hii nayo kazi ya kumwita fundi? Na kweli likakaa sawa, halichezi, maji yanakuja yanashuka, nikapiga na picha nikamtumia shemeji.

Kesho yake asubuhi nafungua kabati la chini nakuta mfuko wa sabuni ya unga umelowa umekuwa uji. Nikafuta, nikapaka silikoni kuzunguka ile nati kubwa. Siku mbili kimya, ya tatu maji yale yale. Nikaongeza silikoni. Tena. Nikaongeza. Sasa hivi pale chini pamekuwa kama kiota cha nyigu, silikoni juu ya silikoni, ubao wa kabati umeanza kuvimba kona na kuna kopo la rangi tupu linakinga matone, kila jioni namwaga kama kikombe kimoja.

La pili, usiku kuna harufu ya mtaro inatoka humo humo kabatini. Sinki la zamani lilikuwa halinuki hata siku moja.

Swali langu ni silikoni gani kali kuliko hii maana naona ya kwangu ni feki.

Jicho_la_Tai

Nimekaa hapa kwenye kigoda nasubiri nondo, na kwangu kunavuja pia.

Nati_na_Bolti

Mkuu silikoni haina kosa, kosa ni la mpakaji. Umepaka pakiwa pamelowa. Kausha vizuri na drai ya nywele, paka nene, acha siku nzima bila kugusa. Mimi langu nilimimina silikoni kila mahali, nati, trapu, mpaka kwenye ukuta, mwaka wa tatu huu halijatoa hata jasho.

fundi_mstaafu

Nati_na_Bolti kijana wangu, siku hiyo trapu ikiziba nywele utaifunguaje? Utakata na msumeno?

Nati_na_Bolti

Ikifika siku hiyo tutajua mzee wangu 😂

DadaSpana

Kabati_Bichi, weka hiyo silikoni chini kwanza. Kabla ya kuuliza uzibe na nini, uliza maji yanatokea wapi. Naona watu wengi wanaona tone linaning'inia kwenye trapu wanapaka kwenye trapu, kumbe tone limeteremka toka juu kwa kufuata bomba limefika mwisho ndio likadondoka. Pale linapodondoka ni kituo chake cha mwisho tu, safari ilianza kwingine.

Fanya hivi. Futa kila kitu chini huko mpaka pawe pakavu kabisa. Chukua tishu, vipande vidogo, zungushia kimoja kimoja kwenye kila maungio: pale mpira unapofunga kwenye koki ya ukutani, pale unapoingia kwenye bomba la sinki kwa chini, kwenye nati kubwa ya westi, kwenye nati ya juu ya trapu na ya pembeni inayokwenda ukutani au sakafuni. Tishu ikipata hata unyevu kidogo inabadilika rangi, kidole chako hakiwezi kuona hivyo.

Halafu usifungue kitu. Kaa dakika kumi. Tishu ikilowa hapo ni upande wa maji yanayoingia, maana yenyewe yana presha muda wote. Kama pakavu, ziba tundu jaza sinki mpaka karibu na kile kitundu cha juu lakini yasikifikie, funga bomba, kaa nusu saa. Ikilowa hapo, maji yanapita chini ya mdomo wa westi. Bado pakavu? Achia maji yote yashuke kwa mpigo. Ikilowa hapo ni trapu, au kuna jambo lingine ambalo nalihisi lakini silisemi mpaka ulete majibu. Mwisho jaza mpaka maji yaingie kile kitundu cha juu uone.

Ukiwa na tone la wino au rangi yoyote inayoyeyuka tia kwenye maji ya kujaza, tishu itakuonyesha vizuri zaidi.

Kabati_Bichi

Dada sawa, leo jioni nafanya. Ila nitoe kwanza hiki kiota cha nyigu au nipime hivi hivi?

DadaSpana

Toa ya nje yote unayoweza kuifikia kwa kisu, usilegeze nati. Tunataka kuona linavuja vipi likiwa kama ulivyolifunga.

MamaKapacha

Naomba niingilie kidogo jamani. Mimi meza yangu ya sinki ni ya jiwe la marumaru halisi, fundi alitumia ile pati ya kukanda laini kama unga kuzunguka tundu, sasa kumezunguka doa la rangi nyeusi nyeusi kama mafuta, nasugua halitoki. Ni uchafu au ndio imeshakula?

fundi_mstaafu

Mama pole. Hiyo pati ina mafuta, ndiyo yanayoifanya ibaki laini miaka na miaka. Kwenye bati na kauri haina neno, nimeitumia ujana wangu wote. Ila jiwe halisi linanyonya kama sponji, mafuta yanaingia ndani, ndio maana sabuni hailipati. Pati hiyo hiyo plastiki nyingine inazidhoofisha zikapasuka, kwa hiyo sinki la akriliki usiliwekee.

Westi itolewe, pati ikwanguliwe yote, doa lifunikwe na unga unaonyonya uliokandwa na asetoni mpaka uwe tope zito, uweke nailoni juu usiku kucha, urudie mara kadhaa. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana. Litapungua, kuisha kabisa sikuahidi. Kurudishia tumia silikoni, lakini iwe ile isiyonuka siki. Inayonuka siki inatoa asidi wakati inakauka na marumaru na asidi hazipatani, hata shaba na brasi inazichafua.

MamaKapacha

Ubarikiwe mzee. Kumbe ile harufu ya siki ndio kipimo, mimi nilidhani silikoni zote zinanuka.

Kabati_Bichi

MREJESHO wa kwanza. Nimepima kama mlivyosema, nimelala chini na tochi mdomoni kama fundi gereji.

Bila kufungua maji dakika kumi tishu zote kavu. Nimejaza, nimeweka na wino wa bluu wa mtoto, nusu saa nzima, kavu zote. Nikasema mbona limepona? Nikaachia. Maji yakashuka yote kwa kishindo, tishu kavu. Nikataka kutoka, nikaona nisubiri kidogo. Sinki limeshakuwa tupu kabisa, zimepita kama sekunde arobaini hivi, naona tishu ya kwenye nati kubwa inaanza kuwa bluu taratibu. Haijaanzia juu ya nati ambako raba inagusa sinki, imeanzia CHINI ya nati, kwenye zile thredi (mistari ya kufungia nati) za westi zinazoonekana. Tone likajikusanya likadondoka. Likaja lingine. Na lingine. Dakika sita matone yanaendelea na sinki halina maji hata kidogo!! Haya maji yanatoka wapi?

Nikajaza mpaka kitundu cha juu, hapo ndio likafungulia, tone kwa tone kama saa ya ukutani.

Trapu kavu. Mipira kavu.

DadaSpana

Nilijua. Hicho ndicho nilikuwa nimekihisi, asante kwa kuangalia kwa makini maana wengi wangeshaondoka pale.

Tazama westi yako, katikati ya mwili wake ina matundu mawili marefu pembeni, siyo? Hayo yapo kwa ajili ya kile kitundu cha juu ambacho wengine wanakiita ovafloo. Sinki la kauri la namna hiyo lina uwazi ndani ya ukuta wake, maji yakiingia kitundu cha juu yanateremka humo ndani yanafika pale westi inapopita, yanaingia kwenye westi kwa yale matundu ya pembeni, yanakwenda zake. Ni njia nzuri ya kuzuia mafuriko. Ila maana yake ni kwamba katikati ya juu ya sinki na chini ya sinki westi imezungukwa na chumba kidogo chenye maji.

Ukiachia maji kwa kishindo, mengine yanatoka kwa yale matundu yanaingia kwenye chumba hicho. Yakishaingia hayana haraka, yanatafuta njia taratibu, ndio maana linavuja sinki likiwa tupu. Raba yako nene imebana vizuri kwenye kauri, huko hakuna shida, ndio maana juu ya nati ni pakavu. Lakini raba kwa ndani inagusa nini? Inagusa thredi. Na thredi ni mfereji, unazunguka unashuka, unazunguka unashuka, ngazi ya mviringo kabisa. Maji yanashuka kwa hiyo ngazi yanapita ndani ya raba, yanapita ndani ya nati, yanatokea chini. Nati ya plastiki haizuii maji, kazi yake ni kubana tu.

Sasa umeona kwa nini silikoni yako mara tatu haikusaidia. Ulikuwa unaziba kati ya nati na sinki, mahali ambapo hapavuji. Na hata ile iliyofika kwenye thredi uliipaka nje, maji yanakuja toka ndani yanaisukuma inabanduka, tena uliipaka juu ya unyevu.

Jicho_la_Tai

Duuuh. Ngazi ya mviringo. Nimeenda kuangalia langu, ni hivyo hivyo, chini ya nati kuna alama nyeupe ya chumvi imeteremka kwenye thredi. Miaka yote nabadilisha raba.

Nati_na_Bolti

Sasa si atie silikoni nyingi humo ndani kwenye hicho chumba kijae, mchezo umeisha?

DadaSpana

Na ovafloo itapitia wapi? Siku mtoto amesahau bomba wazi na tundu limezibwa utakuja kuanzisha uzi wako.

Kabati_Bichi

Haya dada nipe dawa, nimekaa na spana mkononi.

DadaSpana

Fungua trapu, weka kopo lako pale. Fungua nati kubwa, toa westi kwa juu. Kwangua silikoni yote, juu na chini, kwenye westi na kwenye kauri, na kisu cha wembe ukilaza. Silikoni mpya haishiki juu ya silikoni ya zamani hata ile filamu nyembamba usiyoiona, ukipitisha kidole ukahisi panateleza bado ipo. Ukimaliza pitisha kitambaa chenye spiriti. Halafu acha pakauke usiku mzima, na huo uwazi wa ndani nao uchuruzike wote, maana ukifunga leo leo lile chumba bado lina maji yatakuja kulowesha silikoni yako mbichi.

Juu: zungusha uzi mmoja wa silikoni, unene wa penseli au pungufu, chini ya mdomo wa westi. Kama westi imekuja na raba nyembamba ya juu inayokaa vizuri unaweza kutumia hiyo peke yake, mimi kwenye kauri siiamini sana kwa sababu tundu la kauri linatoka tanuruni likiwa halijanyooka. Shusha westi, geuza mpaka yale matundu marefu yatazame upande wa kile kitundu cha juu. Hapa wengi wanakosea, silikoni ikizidi inamwagika inaziba matundu, kwa hiyo chungulia na tochi ufute.

Chini: kabla hujapandisha raba, zungusha thredi tepu, ule utepe mwembamba wa mafundi bomba, kwenye zile thredi, anzia chini kidogo ya mwisho wa matundu na ushuke mpaka pale nati itakapokaa. Kama mikunjo minane hadi kumi, maana thredi za westi ni pana. Juu ya tepu paka pete ya silikoni pale pale raba itakapokaa. Pandisha raba, ile silikoni ibanwe kati ya raba na thredi ijaze mfereji. Kisha nati. Kaza kwa mkono mpaka ikatae, halafu robo mzunguko na spana, basi. Mtu mwingine akushikie westi kwa juu isizunguke, ikizunguka inachana ile silikoni ya juu.

Usiguse kwa saa 24. Silikoni inakauka kwa unyevu wa hewani, inaanza nje kwenda ndani, milimita 2 au 3 kwa siku, kwa hiyo ile ngozi unayoiona ngumu baada ya dakika ishirini ni ngozi tu. Iliyobanwa ndani ya raba haina hewa ya kutosha, ukiweza ipe siku mbili.

fundi_mstaafu

Naunga mkono, na niongeze jambo kuhusu kukaza. Nilimwona kijana mmoja kwenye saiti, sitamsahau, alichukua spana ya bomba yenye mkono mrefu akakaza nati ya westi kwenye sinki jipya la kauri. Akakaza, akakaza, likalia paah. Ufa ukatoka kwenye tundu ukaenda mpaka kwenye ukingo. Kauri haipindi hata kidogo, inavumilia inavumilia halafu inapasuka bila taarifa. Raba inataka kubanwa, haitaki kupondwa, ukiona imetoka pembeni kama ulimi ujue umeshazidisha.

Zamani tulikuwa tunazungushia katani na pesti ya kuzibia. Vijana mnacheka lakini katani likilowa linavimba, kwa hiyo linajiziba lenyewe. Kwenye thredi za chuma za maji ya presha hata leo nikipata katani siigusi tepu.

Thredi_Tepu_OG

Mzee usiseme hivyo nina jina la kulinda humu 😂

Ila kwa faida ya wengine kuhusu tepu, shika bomba mdomo wake ukikutazama, zungusha kufuata mshale wa saa. Ukizungusha kinyume, wakati unafunga tepu inakunjuka inajikusanya kama utambi. Maji safi thredi za kawaida mikunjo mitatu hadi mitano inatosha. Na koki ya plastiki usiijaze tepu kama bandeji, kuna siku niliipasua hivyo, ile ya kike, yenye thredi kwa ndani, inatanuliwa kutoka ndani inachanika.

Na ile mipira ya kuleta maji yenye raba yake ndani ya nati HAITAKI tepu. Raba ndiyo inaziba. Tepu pale inafanya nati isifike mwisho ukadhani imekaza.

Kabati_Bichi

Hapo kwenye mipira niliweka tepu 🙈 japo haivuji. Niitoe?

Thredi_Tepu_OG

Kama haivuji acha, siku ukifungua kwa sababu nyingine ndio uitoe.

Jicho_la_Tai

Na nati za trapu je? Kwangu kila nikifungua kusafisha nikirudishia inavuja siku mbili.

DadaSpana

Trapu ina washa (raba ya kuzibia) ya umbo la koni, siyo bapa. Upande mwembamba uliochongoka uingie kwenye mdomo wa kipande unachofunga, upande bapa uguse nati. Ukiigeuza inabana lakini hailali vizuri. Pia angalia bomba linaloingia limenyooka, ukililazimisha likae mshazari washa inabana upande mmoja na mwingine unaacha upenyo. Hakuna silikoni hapo, hakuna gundi, hakuna tepu. Washa imekakamaa? Badilisha washa.

Kabati_Bichi

Naomba turudi kwenye harufu sasa. Nimefungua trapu ya chupa nimekuta ina maji, kwa hiyo trapu inafanya kazi au siyo? Kutoka kwenye trapu kuna bomba la kukunjika lile la mikunjo mikunjo, linaingia kwenye bomba la plastiki linalotoka sakafuni ndani ya kabati. Bomba la sakafuni ni pana, la kwangu ni jembamba, nikazungushia mfuko wa nailoni nikabana uwazi. Baadaye nikapaka na simenti kidogo juu.

MamaKapacha

Mfuko wa nailoni tena kaka 😅

Kabati_Bichi

Mama nilikuwa sina kitu kingine saa hiyo

DadaSpana

Mwizi wako ni huo mfuko. Trapu inazuia hewa ya mtaro kwa yale maji yanayobaki ndani, kwenye trapu za sinki kina chake mara nyingi ni milimita 50 hadi 75, na ikijaa hivyo gesi haipiti. Lakini mtaro wako hauhitaji kupita kwenye trapu, umeuachia mlango mwingine baada ya trapu, pale bomba jembamba linapoingia kwenye pana. Usiku unanuka zaidi kwa sababu kabati limefungwa, maji hayatembei, hewa imetulia. Na humo ndimo mende wanapopanda, kama bado hujawaona.

Simenti haishiki plastiki. Plastiki ni laini, inarefuka ikipata joto na kurudi ikipoa, bomba la PVC la mita moja likipata maji ya moto joto likapanda nyuzi 50 linarefuka kama milimita 3. Simenti haiendi nayo, inaacha ufa mwembamba kama unywele unaozunguka bomba lote. Na siku pakiziba huwezi kulichomoa.

Kuna raba maalum ya pale, ni kama kofia yenye tundu katikati, nje inakaa kwenye bomba pana na ndani inabana bomba jembamba. Nenda na vipimo, bomba la sinki la kunawia kwa kawaida ni milimita 32 na la jikoni 40, la sakafuni mara nyingi ni 50. Pima mwenyewe lakini, kipenyo cha nje cha jembamba na cha ndani cha pana. Paka sabuni ya maji kwenye raba iteleze, usipake mafuta ya petroli yanaharibu raba.

Na ukiweza hilo bomba la mikunjo liondoe uweke la kawaida lenye elbo, kile kiungo cha kona. Kila mkunjo ni kituo cha uchafu, baada ya miezi linanuka lenyewe. Kama lazima libaki, lisilale kama tumbo la nyoka, na lisizame sana kwenye bomba la sakafuni, sentimita tano hivi zinatosha, likizama mpaka kwenye kona ya chini linazuia maji ya mabomba mengine.

Nati_na_Bolti

Dada uko vizuri. Swali la kweli sasa siyo utani, kwangu bomba linapita ukutani nyuma ya sinki na kuna tundu kubwa fundi alitoboa kama anatafuta madini, kidole gumba kinaingia. Hapo silikoni ruhusa?

DadaSpana

Hapo ruhusa, lakini siyo peke yake. Uwazi ukizidi sentimita moja silikoni inazama inabonyea inapasuka katikati. Jaza kwanza nyuma, kamba ya sponji au povu lile la kopo linaloumuka, likikauka likate usawa wa ndani kidogo ya ukuta, juu yake ndio silikoni ya kumalizia. Povu weka kidogo sana, linaumuka kuliko unavyodhani, na likishika mkononi litatoka na ngozi.

Kama kuna panya mtaani kwenu, ndani ya povu shindilia stilwaya ya kusugulia sufuria. Povu peke yake kwao ni mchezo, wanalitafuna, na panya mdogo anahitaji tundu la unene wa penseli tu. Halafu funika na ile sahani ya chuma ya duara, uibandike kwa nukta mbili za silikoni ili ibanduke siku ukitaka kufika nyuma.

fundi_mstaafu

Na bomba likiwa la shaba usiliache liguse simenti mbichi moja kwa moja. Lifunge tepu au lipitishe ndani ya kipande cha bomba la plastiki kikubwa kidogo, uwazi wa kati ndio uzibwe na kitu laini. Bomba lazima lipumue kidogo ukutani.

Jicho_la_Tai

Na mstari wa sinki na ukuta kule juu, ule unaoota ukungu mweusi?

Thredi_Tepu_OG

Hapo ni silikoni ya bafu yenye dawa ya ukungu. Bandika tepu ya karatasi juu na chini ya mstari, kata pua ya silikoni mshazari, pitisha mara moja bila kusimama, kidole chenye maji ya sabuni, toa tepu KABLA haijafanya ngozi. Kila mtu anasahau hiyo ya mwisho. Ukungu ukishaingia ndani ya silikoni usipoteze jiki yako, kwangua weka mpya.

Kabati_Bichi

MREJESHO wa pili, samahanini nimechelewa.

Nilifungua Jumamosi. Westi ilivyotoka tu nikaona aibu, yale matundu marefu mawili, moja lilikuwa limezibwa na silikoni yangu lote na la pili lilikuwa linatazama ukutani, kinyume kabisa na kitundu cha juu. Kukwangua kumenichukua saa mbili, kulaza sinki wazi usiku kucha wife akawa ananiangalia tu haulizi. Jumapili nikafunga kama mlivyosema, tepu nilizungusha mara tisa, silikoni pete, raba, nati. Mtoto mkubwa alinishikia westi kwa juu. Nilipokaza ile robo niliona silikoni inatokeza chini ya nati kidogo kwenye thredi, nikajua safari hii imepita ndani.

Nikaacha mpaka Jumanne jioni. Tukawa tunanawia kwenye ndoo nje.

Nikapima na tishu na wino tena. Nimejaza, nimeachia, nimekaa dakika ishirini natazama ile nati kama natazama penalti. KAVU. Nimejaza mpaka ovafloo, maji yameingia yanalia ndani gulugulu, KAVU. Leo siku ya tisa, nimetoa kopo la rangi.

Simenti niliigonga na nyundo ndogo ikatoka nzima kama bangili, haikuwa imeshika kitu, dada ulisema kweli. Mfuko wa nailoni ulikuwa na mende wawili ndani sitaki hata kuelezea. Raba niliipata, 50 kwa 32, imeingia kwa shida ikakaa. Harufu imeisha usiku ule ule. Bomba la mikunjo bado lipo, nimelinyoosha tu, elbo nitaweka mwisho wa mwezi.

Ubao wa kabati ndio hautarudi, umevimba umevimba.

DadaSpana

Vizuri sana. Ubao ukikauka kabisa paka rangi ya mafuta kwenye zile kingo zilizokatwa, hapo ndipo unaponyonya. Na fungua kabati kila baada ya siku kadhaa kwa mwezi mmoja, na uikaze kidogo ile nati ya juu ya trapu kwa mkono tu, maana washa mpya hujilaza.

MamaKapacha

Hongera kaka. Na mimi doa langu nimefunika mara tatu, limebaki kivuli. Swali la mwisho kwa mzee, silikoni ikibaki nusu kwenye mrija inatunzwaje? Mimi kila nikirudi naikuta imekuwa jiwe.

fundi_mstaafu

Chomeka skrubu ndefu kwenye pua uiache humo, na juu yake funga nailoni. Siku ukiihitaji ukivuta skrubu inatoka na kile kipande kilichokauka, nyuma yake ni laini.